Mwanza hatuna volkano, wenzetu wa Goma wanazo, kwa nini?

chumvi_ya_kirumba:
Wakuu kwema? Jana kijiweni tumebishana mpaka chai ikapoa. Jamaa anasema haya mawe ya Mwanza, kuanzia lile jiwe la Bismarck ziwani mpaka yale yaliyokaa juu ya nyumba za watu kule Mabatini, yalirushwa na volkano enzi hizo. Nikamwambia volkano ziko Goma na Arusha huko, sisi hatuna, akaniuliza sasa mbona kushoto wanazo kulia wanazo sisi wa katikati tumerukwa? Nikakosa jibu. Na hiyo Virunga, volkano za huko Goma, ni mlima mmoja au mingi? Maana nina harusi Gisenyi, upande wa Rwanda jirani na Goma, mwezi ujao.

mtu_wa_nyegezi:
Volkano hiyo aisee, jiwe la duara vile lingetoka wapi lingine 😂

ticha_wa_jiografia:
Hapana mkuu wa Nyegezi. Hiyo ni graniti, ilipoa taratibu sana huko chini ardhini ndo maana ukilipasua jiwe la Mwanza unaona punje nene zinang'aa, waulize kina mama wanaogonga kokoto. Ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Uduara ni kazi ya maji, yanaingia kwenye nyufa, kona zinaoza kwanza, mvua inasomba udongo linabaki jiwe juu ya jiwe.

Sasa hiyo ya kurukwa. Sisi tumekaa juu ya kipande kikongwe cha bara, kinene na kigumu, Bonde la Ufa lilipofika hapa likashindwa kukipasua likazunguka, mkono mmoja ukapita magharibi kwenye maziwa ya Tanganyika na Kivu, mwingine mashariki kwa volkano kina Ol Doinyo Lengai. Lava inapanda palipopasuka, kwetu hapajapasuka. Hata hili ziwa letu si la ufa, ardhi ya magharibi iliinuka ikageuza mito kama Kagera maji yakatuama, ndo maana kina chake ni kama mita 80 tu wakati Kivu na udogo wake inakaribia 480.

dereva_wa_rusumo:
Ticha kamaliza. Mimi njia hiyo naipiga kila mara ngoja niongezee ya Virunga. Iko minane, imepangana kukatiza bonde kama kilomita 80 hivi. Mashariki kuna Muhabura, Gahinga na Sabyinyo (hapo juu Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana), katikati Bisoke, Mikeno na Karisimbi ambao ndo mrefu kuliko yote, mita 4,507, huko ndo kwa masokwe. Magharibi Nyamuragira na Nyiragongo, hao wawili ndo wakorofi. Nyiragongo lava yake nyepesi kama uji wa mgonjwa, 1977 ilishuka mlimani kwa kasi watu hawakuwahi kukimbia, Januari 2002 ikapita katikati ya Goma, ikafunika kipande cha uwanja wa ndege mpaka ikaingia ziwani, 2021 ikarudi tena ikaishia pembeni ya mji. Goma uzio ni mawe meusi ya lava, yana vitundu vitundu, ukiligusa linakukwaruza, na watu wamejenga palepale juu yake.

ticha_wa_jiografia:
Na kwa sababu imekatiza bonde ndo imeizaa Kivu ilivyo leo. Maji yalikuwa yanaelekea kaskazini, lava ikaziba, yakapanda mpaka yakatafuta njia ya kusini, sasa yanatokea mto Ruzizi kwenda Tanganyika. Ila dereva usiwasafishe sana hao wengine, 1957 karibu na Bisoke palilipuka, padogo lakini palilipuka.

chumvi_ya_kirumba:
Kumbe! Jamaa leo ananunua chai 😂 Sasa huko Gisenyi nitaoga ziwani?

dereva_wa_rusumo:
Oga, wenyeji wanaoga. Ila usijitie kuingia kwenye mabonde mabonde yenye mazuku, ni hewa ya ukaa inatoka ardhini inatuama chini, huioni, mbuzi analala mazima, mtu pia. Wenyeji wanapajua, ukiambiwa hapa usikae ondoka. Kivu yenyewe chini imejaa gesi, Rwanda wanavuna methani wanazalisha umeme.

Ukitoka Kigali kaa dirisha la kulia, ukifika Musanze utaiona, ila panda basi la asubuhi, mchana mawingu yanafunika yote.

mtu_wa_nyegezi:
Mi bado nasema Bismarck ilirushwa

ticha_wa_jiografia:
Na nani sasa 🤦