Naomba ushauri: kufunga holda za rodi kwenye boti ya faiba, Mikindani

Nahodha wa Mikindani
Habari zenu wakuu. Nina boti ya faiba ya futi 18, naiegesha hapa Mikindani. Siku zote tunavua kwa mshipi wa mkono na nyavu. Sasa nimenunua rodi (fimbo za kuvulia) mbili nzito na rili zake za kuzungushia mshipi, nataka kuburura chambo nje ya ghuba nitafute nguru na jodari. Holda za kusimamishia rodi ninazo nne za stenlesi, zile za kuzamishwa kwenye ukingo, zimeinama digrii 30. Fundi niliyempata anasema atazikaza kwa skrubu za mbao na kuziba kwa silikoni, asubuhi moja kazi imekwisha. Moyo wangu unasita, maana ukingo una plaiwudi ndani ya faiba. Skrubu zitahimili? Na nitoboe wapi? Boti hii ndiyo inayolisha nyumba. Natanguliza shukrani.

Fundi Faiba Lindi
Mkuu, mzuie kwanza. Holda haibebi uzito wa rodi tu, inabeba na mvuto wa samaki. Nguru akipiga chambo boti ikiwa mwendoni, rodi inageuka wenzo na nguvu yote inaishia kwenye zile skrubu. Zitang'oka na kipande cha faiba. Weka bolti za milimita 6 zinazopenya mpaka chini, na kule chini bamba la stenlesi au plaiwudi nene iliyopakwa epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ikikauka inakuwa ngumu) pande zote, kisha uweke washa pana na nati.

Kubwa zaidi ni hiyo plaiwudi ya ndani. Tundu lolote utakaloliacha wazi litanyonya maji ya chumvi, na mbao itaoza kimyakimya huku juu faiba inang'aa. Nimeshafungua kingo ambazo ndani zilikuwa uji mtupu. Kwa hiyo matundu ya bolti toboa makubwa kuliko bolti, chimbua mbao kidogo kuzunguka kwa msumari uliopindwa ncha, jaza epoksi nzito, acha ikauke kabisa, ndipo utoboe upya saizi ya bolti katikati ya ile epoksi. Bolti haitagusa mbao hata kidogo. Tundu kubwa la holda nalo paka epoksi kuta zake mara mbili tatu. Hiyo si kazi ya asubuhi moja, na asikuharakishe mtu.

Silikoni achana nayo. Haishiki vizuri, na ikishapakwa hata rangi haikai tena pale. Tafuta poliyurethani ya baharini, kama Sikaflex-291.

Bi Shangani
Kaka, hizo za kuzamisha umechagua vizuri kwa sababu unatumia na nyavu. Za kusimama juu ya ukingo zinanasa wavu kila mkivuta. Lakini hata hizi usiziweke pale vijana wanapovutia. Na kabla ya kutoboa, bandika plasta ya karatasi kwenye ukingo, chora alama, mtu ashike rodi kwa mlalo wake halafu wewe keti kwenye usukani. Angalia kama utainua injini bila kugonga kitu, na kama mtu anapita. Chungulia na chini ya ukingo: mpira wa mafuta na nyaya za taa hupita humo.

Mwambao Kilwa
Mimi naongezea la kununua bolti. Pima kwa sumaku, ikishika ujue si stenlesi ya baharini.

Fundi Faiba Lindi
Ndugu yangu wa Kilwa, sumaku haitoshi. Kuna aina mbili za stenlesi, 304 na 316, zote kwa kawaida hazishiki sumaku, lakini kwa chumvi yetu 304 inaanza madoa ya kutu mapema. Soma kichwa cha bolti: A4 ndiyo 316, A2 ndiyo 304. Chukua A4.

Nahodha wa Mikindani
Nimewaelewa sana. Maji yanayoingia kwenye holda yenyewe yanaenda wapi? Na hizo digrii 30 zielekee wapi?

Bi Shangani
Kama kitako kiko wazi, maji yatamwagikia chini ya ukingo. Nunua vifuniko vya chini vyenye mdomo wa kuunganisha mpira, uyatoe nje au yaangukie ngama, pale chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika. Mbili za nyuma zielekeze nyuma kimshazari, mbili za mbele zaidi zitazame ubavuni, mishipi isishikane mkikata kona. Kila rodi ifungwe kamba ya usalama. Breki ya rili ilegeze mpaka robo au theluthi ya uzito unaokata mshipi. Ukielekea Msimbati, ile ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, pitia ofisi yao uulize kibali kwanza.

Fundi Faiba Lindi
Angalia pia kipini kilichokatiza chini ndani ya holda. Mkato wa kitako cha rodi unakaa hapo, rodi isizunguke. Siku ya kufunga, kaza kiasi tu, gundi isikamuliwe yote ikatoka. Ikishaganda ndipo umalizie, na uzungushe nati, bolti ishikiliwe isigeuke, la sivyo unapasua muhuri ulioutengeneza.

Nahodha wa Mikindani
Ahsanteni wote. Kesho nakwenda kutafuta epoksi na bolti za A4 kabla fundi hajashika drili.