Ushauri: Mzee ana ugonjwa wa neva za mwendo, je, nimnunulie dawa ya kupandisha kinga?

Kijana wa Rungwe
Wakuu, heshima kwenu. Baba yangu ana miaka 61, mkulima wa chai na migomba hapa Tukuyu. Mwaka jana alianza kudondosha jembe, tukasema ni umri. Halafu siku ya msiba wa jirani akashindwa kufunga vifungo vya shati. Nilimfungia mimi, yeye akiangalia pembeni. Ndipo nikauona mkono wake: nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada imekwisha, pamebaki shimo, na misuli ya bega inachezacheza chini ya ngozi. Tumezunguka sana, mwisho daktari wa neva Dar akatuambia ni ALS, huo ugonjwa wa neva za mwendo.

Sasa kuna mtu Mwanjelwa ananiuzia unga wa kupandisha kinga, laki tatu na nusu kwa mwezi. Anasema seli za kinga za ubongo zimelala, inabidi ziamshwe. Niko tayari kuuza ng'ombe. Nishaurini.

Maabara Iringa
Kamwene ndugu yangu, pole sana. Ng'ombe usimuuze.

Seli hizo zipo kweli. Zinaitwa mikroglia, na Mhispania Pío del Río-Hortega alizieleza tangu 1919. Ni sungusungu wa ubongo na uti wa mgongo: zinapiga doria, zinasafisha mabaki ya seli zilizokufa, zinapambana na vijidudu. Ila kwa mgonjwa wa ALS hazijalala hata kidogo, zimepandwa na hasira. Neva ikiumia zinakimbilia pale, nyingine zikisaidia, lakini kadiri siku zinavyokwenda zinamwaga kemikali zinazoumiza hata neva za jirani.

Mwaka 2006 watafiti walitumia panya wenye jeni mbovu ya SOD1, inayowaletea ugonjwa kama ALS, wakaipunguza jeni hiyo ndani ya mikroglia na seli za kinga zinazofanana nazo. Ugonjwa ulianza vilevile, lakini ulitembea polepole zaidi. Yaani kwa panya wale mikroglia hazikuwasha moto, zilikuwa zinaupuliza. Sasa huyo wa Mwanjelwa anataka uongeze upepo? Na sidhani kama anajua hata unga wake unafika wapi mwilini.

Mtoto wa Uyole
Kaka, basi si zizimwe? Nimesoma kuna antibaotiki, minosiklini, inatuliza hizo seli na panya walipata nafuu.

Maabara Iringa
Hapana mdogo wangu, hili naomba ulishike. Ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa zaidi ya 400, majibu yakatoka 2007: waliomeza minosiklini walidhoofika haraka kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mleta mada asimpe mzee kitu chochote cha kinga, cha kuamsha wala cha kuzima, bila daktari wake.

Nesi Makambako
Mleta mada, muulize daktari kuhusu riluzoli. Ipo tangu 1995, haiponyi, inaongeza miezi michache. Hela nyingine iweke kwenye kumeza na kupumua, maana huko ndiko ugonjwa huu unakoua. Anapokula akae wima, ainamishe kidevu kidogo anapomeza; maji matupu yakimpalia, mpe uji mzito. Akianza kuamka na kichwa kinamuuma au kushindwa kulala chali, ujue kifua kinachoka usiku. Msisubiri, mpelekeni apimwe pumzi.

Mama Njombe
Mwanangu, mume wangu aliondoka na ugonjwa huu. Wakwe walisema karogwa, tukauza shamba la viazi kwa waganga. Shamba nimeshalisahau. Kinachoniuma ni sauti yake, sina hata moja. Alivyoacha kusema watu wakawa wanaongea juu ya kichwa chake kama mtoto, na akili yake ilikuwa nzima, macho yanatufuata. Mrekodi baba yako sasa hivi, kabla ulimi haujawa mzito.

Kijana wa Rungwe
Ndaga fijo, wote. Yule wa Mwanjelwa nimemwambia basi. Tarehe 14 tunarudi Dar, nitauliza riluzoli na kipimo cha pumzi.

Mama, jana jioni niliweka simu juu ya kigoda nikamuuliza mzee shamba la chai walilianzaje. Ameongea saa nzima, mpaka majina ya waliobeba miche. Kesho nanunua memori kadi.