Binti katoroka kwao mwenyewe, je aliyemtumia ana kesi kweli?

Mpitanjia: Wadau naombeni mwongozo. Binti wa jirani ana miaka 15, alitoroka baada ya kugombana na baba wa kambo, kuna jamaa mtu mzima kabisa akampa chumba na simu, baadaye akaanza kumdai, eti alipe deni la chumba kwa kulala na wanaume anaomletea. Jamaa kakamatwa ila mtaani wanasema atachomoka tu maana binti alienda kwa miguu yake na kuna meseji anamshukuru. Ni kweli?

Mzee wa Vifungu: Hayo ni maneno ya vijiweni. Protokali ya Palermo ya 2000, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ambayo nchi nyingi zimeyaingiza kwenye sheria zao, inasema aliye chini ya 18 ridhaa yake haihesabiki, wala hakuna haja ya kuthibitisha kwamba alitishwa au alidanganywa. Kumpokea na kumhifadhi ili umtumie kwenye ukahaba inatosha, hata kama hamjavuka mpaka wowote.

dadaSubira: Kwenye makaratasi sawa mkuu, ila kesi hizi hufia kwingine. Zinaahirishwa weee mpaka mtoto anachoka au anatoroka tena, na kama ushahidi wote ulikuwa mdomoni mwake basi kwisha habari. Mpitanjia, waambie wazazi watafute cheti cha kuzaliwa mapema, umri ndio kitu cha kwanza wakili wa jamaa atakachokigombania. Na simu wasifute kitu, hata hiyo meseji ya asante, wampe mpelelezi kama ilivyo, maana ukishuka chini kidogo utakuta na za deni, na miamala ya pesa inaonyesha nani alikuwa anamlipa nani.

Kibiriti: Na hao wanaume walioletwa je?? Kila siku anakamatwa dalali tu, wateja wanarudi kwa wake zao. Protokali nyingine ya 2000, ile ya Mkataba wa Haki za Mtoto, inataka hata anayejipatia mtoto kwa ukahaba ashtakiwe.

Mpitanjia: Asanteni sana. Mama yake anaogopa binti atasimamishwa mbele ya huyo jamaa, na kwamba ataulizwa yeye kwa nini alijiuza.

dadaSubira: Amwone mwendesha mashtaka kabla ya tarehe, aombe mtoto atoe ushahidi kwa faragha, nyuma ya pazia au kwa video kama mahakama inayo. Na asikubali kabisa mwanae aandikwe kama mtuhumiwa, huyo ni mhanga.