Yatima watatu, wawili wanatumia dawa za VVU: tusaidie vipi?

Mkinga wa Kariakoo
Wanajukwaa, kamwene. Sisi ni wauza mabegi sita hapa Kariakoo, wote wa Makete, Njombe. Tuna mchezo wetu wa kuchangiana hela kila Jumamosi na mimi ndiye kijumbe, mtunza hela. Mwaka huu tumekubaliana itoke 150,000 kila mwezi kwa watoto watatu wa kijijini kwetu. Baba na mama walishafariki, wako na bibi yao. Wadogo wawili wana virusi na wanatumia dawa, mkubwa hana virusi. Bibi aliniambia mwenyewe nilipokwenda Krismasi.

Sasa tumekwama. Mmoja anasema tuwahudumie hao wawili tu, wa tatu ni mzima. Mwingine anataka tuwanunulie dawa "za nguvu". Wa tatu amesema tuweke picha zao kwenye magrupu ili na wengine wachangie. Hela ninayo mimi, na silali vizuri. Wenye uzoefu nisaidieni.

Mama Viazi
Kamwene kaka. Natumia dawa tangu 2006, na nilikuwa WAVIU mshauri, yaani mwenye VVU anayewashauri wenzake, kwenye CTC, kliniki ya dawa za VVU, mpaka Januari 2025, fedha za Marekani ziliposimamishwa na posho zetu zikaenda nazo.

Dawa msinunue. ARV, hizo dawa za VVU, ni bure tangu 2004, na anayewauzia za nguvu anawaibia. Mulizeni bibi boda ya siku ya kliniki ni shilingi ngapi. Halafu mulizeni wanakula nini viazi vikishauzwa kwa lumbesa, yale magunia ya kujaza kupita kiasi, na hela imekwisha. Dawa za siku hizi hazidai chakula kama zile tulizoanza nazo sisi, lakini mtoto mwenye njaa hataki kumeza chochote. Nyumba moja nilikuta vidonge kumi na tisa kwenye soksi, chini ya godoro. Kliniki tulikuwa tunakuna vichwa kwa nini virusi havifubai.

Na hao watatu msiwatenganishe hata kwa kalamu. Utafiti wa 2022/2023 uliikuta Njombe ina asilimia 12.7 ya watu wazima wenye VVU. Kila ukoo umezika, watu wanajua kuhesabu. Wawili wakivaa sweta mpya na wa tatu akabaki na la zamani, mmeshatangaza kijiji kizima bila kufungua mdomo.

Picha hapana. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mtu. Halafu huyo mdogo anajua anameza nini? Wengi bibi huwaambia ni dawa ya kifua mpaka wafikie umri wa kuelewa, na kliniki ndiyo inamsaidia bibi kusema. Asije akajisomea kwenye simu ya mjomba.

Jembe la Mbeya
Mnajisumbua. Wapelekeni kituo cha yatima, mpewe risiti kila mwezi. Hela ya mkononi bibi atanywea ulanzi.

Mama Viazi
Kaka Jembe, kumhamisha mtoto ni kazi ya ustawi wa jamii, si ya kikundi cha mabegi. Na huyo bibi ulishamwona?

Nilifika Form Six
Shikamoo Mama Viazi. Mimi nina miaka 22, nililelewa hivyohivyo. Mfadhili wangu nilimwona mara mbili tu. Alikuwa anamtumia mwenye duka, duka linatoa unga, sabuni, mafuta ya taa, na bibi anasaini daftari. Hakuna aliyemshuku.

Shida ilianza nilipoingia bweni kidato cha kwanza. Dawa zilikaa kwa matroni, kila saa mbili usiku nagonga mlango wake, na wenzangu wanauliza nafuata nini. Nikaacha miezi miwili. Kilichoniokoa ni tranka yenye kufuli la maana na saa ya mkononi, matroni akakubali nijitunzie mwenyewe. Ada hazipo siku hizi, ila tranka hakuna anayeikumbuka.

Ombi moja: msiwaandikishe barua za shukrani. Yangu mwalimu aliirudisha mara tatu, mpaka nikaonekana mnyonge vya kutosha. Yule mfadhili mwenyewe alikuwa anauliza somo la hesabu tu. Nilikuwa napata F, akaendelea kuuliza.

Mkinga wa Kariakoo
Asanteni sana. Picha ilikuwa imeshatumwa kwenye grupu letu la watu sita, nimemfuatilia aliyeituma mpaka kaifuta mbele yangu. Sweta tatu ziko tayari, zinapanda basi kesho.

Nimeongea na bibi. Mkubwa anavaa viatu namba 38, na kabla sijauliza akanitajia tarehe za kliniki za wote wawili kichwani. Tatizo ni duka: mwenye duka la karibu anamdai bibi mbolea ya msimu uliopita, 64,000. Naogopa unga wetu utakatwa deni. Tutafute duka la mbali?

Mama Viazi
La mbali nani atabeba unga? Lipeni deni kwanza, mwezi huu. Na mwenye duka asijue ni watoto gani wanakwenda kliniki.