Mrejesho: jiko langu la gesi lililokuwa linatoa masizi

Habari zenu wapendwa. Wiki iliyopita niliuliza kama ninunue jiko jipya, maana langu la plati mbili lilikuwa linawaka moto wa njano na sufuria zote zimekuwa nyeusi. Wengi mlisema limechoka, ninunue jingine. Nikakusanya hela, Jumamosi nikashuka Moshi mjini, soko la Mbuyuni, kwenye kaduka kadogo ka vifaa vya gesi.

Yule baba mwenye duka aliniuliza, "Dada, moto una rangi gani?" Nikamwambia. Akasema, "Hilo halijafa. Halipati hewa. Kalilete kwanza, usinunue."

Jiko jipya lilikuwa pale mkononi mwake, na hela nilikuwa nayo!

Nilirudi nalo Jumatatu. Akafungua bomba la chini ya bana (pale moto unapotokea), sehemu ambayo hewa inapoingia kuchanganyika na gesi: utando wa buibui na mafuta yaliyoganda. Akasugua kwa brashi, akazibua na vitundu vya bana. Moto ukawa wa buluu. Alikataa kabisa hela ya kazi hiyo.

Ila alipopaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, karibu na regulata ya mtungi, mapovu yakaanza kujaa. Mpira ulikuwa umepasuka, gesi inavuja. Mimi na wanangu tulikuwa tunalala na hiyo kitu jikoni. Nimenunua mpira na klipu mbili, 12,000 tu.

Asante baba yangu. Na nyinyi, pakeni sabuni kwenye mipira yenu leo, tafadhali.