Mtoto wetu wa kwanza: aitwe Masumbuko kama babu yake, au Plamedi?

Baba mtarajiwa, Kadutu

Wazee wangu, kaka na dada zangu wa Bukavu, ninaomba ushauri kabla jambo hili halijaleta ugomvi nyumbani. Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, na ekografia imeonyesha mtoto wa kiume. Mama yangu amekwisha kutangaza mbele ya jamaa yote kwamba mtoto atabeba jina la marehemu baba yangu, Masumbuko, aliyezaliwa mwaka 1967. Mke wangu, ambaye ni Mnande wa Butembo, anasema hatampa mtoto wake jina la shida. Anataka Plamedi, jina alilolisikia kanisani na ambalo watoto watatu wa barabara yetu tayari wanalo. Mimi nimekaa katikati. Sina neno na jina la baba, lakini kila ninapomwazia mtoto mchanga anayeitwa Masumbuko, moyo wangu unasita. Je, jina la namna hiyo humfuata mtu maishani, kama wahubiri wengi wanavyosema siku hizi? Na sheria inaruhusu Plamedi, jina ambalo si la Kishi, lugha yetu sisi Bashi, si la Kinande, lugha ya mke wangu, wala katika kamusi ya Kifaransa halimo?

Mwalimu mstaafu, Bagira

Mwanangu, uliza kwanza masumbuko yalikuwa ya nani. Majina haya ya Kiswahili tuliyo nayo huku mashariki mwa Kongo, yaani Masumbuko, Mateso, Tabu na Machozi, hayakumtabiria mtoto lolote. Yalieleza hali waliyokuwa nayo wazazi siku alipozaliwa. Umesema baba yako ni wa 1967. Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka sita, na ninakumbuka mamluki wa yule Mbelgiji Schramme walivyouteka mji huu mwezi wa nane, wakabaki hadi mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Sisi tulikimbilia upande wa Walungu kwa miguu, na mama yangu alibeba sufuria kichwani ikiwa bado na maharage ndani. Mwanamke aliyejifungua katika siku zile angemwita mtoto nani? Muulize mama yako, huenda alisimuliwa na mkwewe.

Kuhusu majina ya kigeni, vijana wengi hawajui tulikotoka. Mimi nilibatizwa Boniface. Mwaka 1972, Rais Mobutu alipoacha kuitwa Joseph-Désiré na kutuletea siasa ya authenticité, yaani kurudia asili yetu, mwalimu wetu aliingia darasani na daftari la mahudhurio na kalamu nyekundu, akatusomesha majina yetu mmoja mmoja huku akikata lile la ubatizo. Tuliambiwa twende nyumbani tuulize majina ya mababu. Mapadri walikatazwa kubatiza watoto kwa majina ya Kizungu, na Kardinali Malula, aliyeipinga siasa hiyo, alijikuta uhamishoni Roma. Ndiyo sababu watu wengi waliozaliwa kati ya mwaka huo na 1990 hawana prénom, yaani jina kama lile la ubatizo, kwenye karatasi zao za zamani, ingawa kanisani na jikoni kwa mama zao walikuwa nayo. Mama yangu hakuacha kuniita Boni hata siku moja. Baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipokubali vyama vingi, majina yale yalirudi, lakini hayakurudi yale ya watakatifu peke yake. Zilikuja sala nzima zilizofupishwa: Plamedi ni *plan merveilleux de Dieu*, Glodi ni *gloire de Dieu*, Merdi ni *merci Dieu*. Sisi Bashi tusiwacheke. Mungwakonkwa, yaani Mungu ashukuriwe, ni sala vilevile. Ashuza, yaani Yeye hujibu, pia ni sala. Tofauti ni kwamba yetu haikuhitaji mkasi.

Kwa maoni yangu jina la baba yako lisipotee. Plamedi nimewafundisha wanne katika darasa moja, na kila nilipoita, wote waliinuka.

Karani wa état civil

Kazi yangu ni kuandikisha watoto wanaozaliwa, kwa hiyo nitajibu upande wa sheria tu, ugomvi wa mama mkwe siuwezi. Code de la famille, yaani sheria ya familia, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa Kikongomani, na inakataza majina yenye matusi, yanayodhalilisha au yanayochokoza. Wapo wanaodhani kwamba Masumbuko huingia katika makatazo hayo. Mimi sioni hivyo, maana ni jina ambalo watu wenye heshima zao wamelibeba kwa vizazi kadhaa. Kwenye cheti kuna nafasi tatu, ya jina, ya postnom (jina linalofuata lile la kwanza) na ya prénom, na majina kama Plamedi huandikwa katika hii ya tatu bila matatizo.

Linalonisumbua mimi ni tahajia. Mtoto huandikwa Plamedi kwenye cheti cha kuzaliwa, Plamedie kwenye buletini ya shule, na Plamedy kwenye diploma, kisha siku anapotaka pasipoti anakuja kwetu akilia. Andikeni jina kwenye kipande cha karatasi kabla ya kuja, na msimwachie jirani au mjomba kulitamka dirishani. Mje ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, kwani katika muda huo uandikishaji ni wa bure. Ukipita, mtalazimika kupitia mahakamani kutafuta hukumu ya kujaza pengo, ile jugement supplétif.

Mama wa Butembo aliyeolewa Bukavu

Shemeji, mbona humwulizi mkeo ukoo wake utamwitaje mtoto? Kwetu jina la mtoto wa kwanza wa kiume halitafutwi: ni Paluku. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na binti wa kwanza ni Masika. Wakizaliwa wa jinsia moja mfululizo, kisha ikabadilika, anayekuja ni Muhindo. Ukimwita Kambale kwa sauti katika soko la Butembo, nusu ya wanaume watageuka, na ndiyo maana sisi tunashikilia sana prénom: bila hiyo hatuwezi kutofautishana. Mkeo hatafuti fahari. Anafanya hesabu ambayo kila mama wa Kinande huifanya.

Mimi wangu wa kwanza ana jina la babu yake Mushi kwenye cheti, lakini mama yangu akipiga simu huuliza tu, "Paluku amekula?" Baba mkwe alinuna mwezi mzima, akazoea.

Baba mtarajiwa, Kadutu

Ninawashukuru wote. Jana nilimwuliza mama. Baba alizaliwa njiani, karibu na Nyangezi, chini ya migomba, na bibi hakuwa na kitambaa cha kumfunika isipokuwa kitenge alichokuwa amevaa. Mke wangu alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, akasikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa. Baadaye usiku aliniambia kwamba Masumbuko aandikwe postnom, ila yeye hatamwita hivyo akiwa mdogo. Mama naye amekubali Plamedi kwa sharti kwamba yeye hatalazimishwa kulitamka, kwa kuwa amejaribu mara tatu na kila mara limetoka "Palamedi". Kuhusu Paluku sikuulizwa chochote. Shangazi wa mke wangu tayari amelituma katika salamu zake.

Limebaki swali moja kwa karani: Plamedi tumalizie na *i* au na *y*?

Karani wa état civil

Mnavyotaka ninyi, sheria haina neno. Lakini chagueni usiku wa leo, na barua ya shangazi isiingie ofisini.