Mjadala: Hizi divisheni za softiboli vyuoni Marekani ni viwango kweli au majina tu?

Mama Neema (Ohio)
Wakuu, habari za asubuhi. Binti yetu Neema anamaliza hai-skuli mwakani, ni pitcha, yule anayemrushia mpigaji mpira. Chuo kimoja cha D3 hapa hapa Ohio kinamtaka. Kingine cha D2, mbali, kinampa robo ya ada. Baba yake kang'ang'ana: "D3 ni divisheni three, hapo mtu kaponea chupuchupu." Mimi nahisi hizi si divisheni za mitihani ya NECTA. Wenye watoto waliopita huko, ushindani unatofautiana kiasi hicho?

Mzee wa Houston
Dada, shemeji ana hoja. Nina miaka 19 Texas. D1, ile ya juu kabisa, timu moja skolashipu kamili 12, D2 ni 7.2, D3 sifuri. Sifuri! Kipaji kinafuata pesa. Pitcha NiJaree Canady alipohama chuo cha Stanford kwenda Texas Tech mwaka 2024, mkataba wake ulivuka dola milioni 1. D3 nani atampa hiyo? Pitcha kama yule anarusha maili 70 kwa saa kutoka futi 43, mpigaji ana chini ya nusu sekunde kuamua. Huko D3 wanachezea afya.

Kifaurongo
"Wanachezea afya"? Mwanangu kacheza D3 miaka minne. Februari nzima anaamka saa kumi na moja alfajiri, mazoezi ukumbini maana nje theluji. Afya gani hiyo? Na hiyo sifuri unaitamka kama vile tulilipa kila senti. D3 hawatoi pesa ya mchezo, wanatoa ya darasani na ya kipato cha wazazi. Sisi tulilipa pungufu kuliko jirani aliyetutambia skolashipu ya D2, kumbe ni vitabu na nusu ya chumba. Hizo 7.2 wanagawana wasichana ishirini na kitu, mzee. Piga hesabu.

Mzee wa Houston
Sijasema hawaamki. Nimesema kiwango. Povu la nini?

Kifaurongo
Povu liko kwenye "wanachezea afya". Ifute.

Mwana wa Ngamiani
Samahani wakuu, niko Tanga. Softiboli si ndiyo rede ya Wazungu? Mnatoana roho kwa rede?

Achieng' wa Minneapolis
Rede ndiyo nini? Kama ni ule wa kukwepa mpira katikati, sisi Kenya tunaita kati. Na softiboli haifanani na kati hata kidogo, hii kuna kupiga na kukimbia.

Mwana wa Ngamiani
Kati haina chupa. Rede unajaza mchanga kwenye chupa huku wawili wanakulenga, mmoja huku mmoja kule. Dada zangu walikuwa hawapigwi. Mleteni huyo wa maili 70 Ngamiani.

Mzee wa Houston
Akikupata mbavuni hutajaza chupa, utajaza kitanda hospitali ya Bombo.

Bi Salama
Na Unguja kuna nage, msitusahau. Tena nage ina timu zake na jezi zake, si mchezo wa kusubiri ubwabwa uive.

Mwana wa Ngamiani
Nani kasema rede ni ya kusubiri ubwabwa?

Mpenda Namba
Jamani, mama wa watu kauliza swali. Mnaongea kama hii ni Ligi Kuu na Championship. Huku hakuna kupanda wala kushuka daraja kwa matokeo, chuo kinachagua divisheni kwa bajeti na sera yake. Chuo cha UT Tyler walibeba ubingwa wa D3 mwaka 2016, baadaye wakahamia D2, na 2024 wakabeba ubingwa wa D2. Wale wa 2016 walikuwa wanachezea afya?

Halafu D1 yenyewe ina timu kama 300. Chuo cha Oklahoma walichukua makombe manne mfululizo, 2021 mpaka 2024. Kuna D1 ambazo zikikutana nao mechi ya awamu 7 inakatwa ya 5, tofauti ikifika pointi 8. Kwa macho yangu, pengo hilo ni pana kuliko lile la D1 ya mkiani na D2 nzuri.

Achieng' wa Minneapolis
Lakini 2021 James Madison waliwapiga hao hao Oklahoma 4–3, mechi yao ya kwanza kwenye fainali za timu nane. Chuo ambacho watu walikuwa wanauliza kiko wapi.

Mzee wa Houston
Na kombe alibeba nani? Endelea kusoma.

Kifaurongo
Mzee usikimbie. Harvard na Princeton ni D1, na skolashipu ya mchezo hawatoi. Kama pesa ndiyo kiwango chako, nao wanachezea nini?

Mzee wa Houston
Harvard wanachezea uwaziri.

Kifaurongo
Hilo si jibu.

Mpenda Namba
Na zile 12 zako, mzee, zimepitwa. Tangu Julai 2025, vyuo vya D1 vilivyoingia kwenye makubaliano mapya ya kuwalipa wachezaji havina kikomo cha skolashipu, kikomo ni wachezaji 25 kwa timu. Wanaokosa nafasi huko watateremka na kubanana na akina Neema. Ningekuwa mama, ningemuuliza kila kocha ana pitcha wangapi wa mwaka wa kwanza na wa pili. Herufi D haimpi mtoto mpira.

Mzee wa Houston
Sawa, 12 ni za zamani. "Afya" sifuti.

Mama Neema (Ohio)
Asante Mpenda Namba, nimepiga simu zote mbili mchana huu. Wa D2 ana pitcha sita, wanne bado wachanga. Wa D3 ana watatu, wawili wanahitimu. Neema mwenyewe kanyamaza, lakini kofia ya D3 ndiyo iko kichwani tangu jana. Baba yake kausoma uzi wote, nikadhani amelainika. Kumbe kilichomgusa ni chupa. Anasema dada yake alikuwa hashikiki kwa rede Korogwe nzima.

Mwana wa Ngamiani
Korogwe? Mwambie shemeji ataje mwaka. Korogwe chupa zao zilikuwa za soda ndogo.

Bi Salama
Ndogo au kubwa, mchanga si ule ule?

Mwana wa Ngamiani
Bi Salama, hujawahi kucheza rede wewe.